Safari ya siku moja kuona dubu porini Alaska: tusichague kwa ahadi ya ukaribu

Mtembea Pwani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nimeona maswali mengi kuhusu safari za kuondoka asubuhi, kuona dubu wa kahawia porini na kurudi jioni. Wengi wanauliza bei na mwezi. Ni maswali ya maana na nitayajibu, lakini kwangu swali la kwanza ni jingine: huyo anayekupeleka, akifika mbele ya dubu anafanya nini? Kampuni ikijinadi kwamba inawafikisha wageni karibu na dubu kuliko wenzake, pesa yangu siipeleki huko.

Sababu ni hii. Dubu anayeona watu kila siku mahali palepale, wakipita njia ileile, wakikaa pamoja, hawamfukuzi wala hawampi kitu, mwishowe huacha kuwajali. Anaendelea kuvua, kunyonyesha, kulala. Utulivu wake huo ndio unaokuwezesha wewe kumtazama saa nzima. Dubu aliyewahi kuonja chakula cha mtu ni habari nyingine kabisa. Huyo anamfuata mtu akitafuta begi, na mara nyingi maisha yake huishia kwenye risasi. Wa kwanza amezoea watu, wa pili amezoea chakula cha watu. Ukiwachanganya hawa wawili hutaelewa kwa nini kuna masharti makali kiasi kile juu ya kipande cha biskuti.

Ushahidi uko McNeil River, eneo la dubu linalolindwa na jimbo la Alaska. Tangu 1973 watu huingia pale kwa vibali vinavyotolewa kwa bahati nasibu, wageni wasiozidi 10 kwa siku, wakiongozwa na mtu wa serikali ya jimbo anayewajua dubu wale. Zaidi ya dubu 70 wamewahi kuonekana pale kwa wakati mmoja, na tangu utaratibu huo uanze hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu. Sio kwamba dubu wa pale ni wapole kwa asili. Watu ndio waliofundishwa kutobadilikabadilika.

Sasa mwezi. Dubu anafuata chakula, nawe unamfuata yeye.

Juni ni ya pwani. Samoni hawajafika mitoni, kwa hiyo dubu wanashuka kwenye mbuga za chumvi kandokando ya bahari na kula majani ya jamii ya ndago kama ng'ombe. Maji yakipwa wanaenda kwenye tope na kuchimbua chaza kwa kucha. Chinitna Bay na Silver Salmon Creek katika Hifadhi ya Lake Clark, na Hallo Bay upande wa Katmai, ni mahali pa kuona hayo. Huu pia ni msimu wa kupandana, kwa hiyo utaona dume akimfuata jike kutwa nzima.

Julai ni ya Brooks, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katmai. Samoni wekundu wanapanda Mto Brooks, wanakutana na maporomoko ya kimo cha mita 2 hivi, na dubu wanawangojea hapo. Picha ile ya samaki akiruka kuingia kinywani mwa dubu, nyingi zimepigwa hapa. Agosti Brooks hupoa, maana samaki wameshatawanyika na dubu wanavua kwenye vijito vingine. Septemba wanarudi, safari hii kula samaki waliokwisha kutaga na kuchoka. Hapo ndipo utawaona wakiwa wanene kupita kiasi. Dume mkubwa huweza kupita kilo 450.

Kusini mashariki kuna Pack Creek kwenye kisiwa cha Admiralty, nusu saa hivi kwa ndege kutoka Juneau, na Anan karibu na Wrangell, ambako dubu weusi na wa kahawia huvua kijito kimoja. Kote kuwili msimu ukikolea unahitaji kibali na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Admiralty inakadiriwa kuwa na dubu kama 1,600. Sehemu hizi zina watu wachache kuliko Brooks, na mimi nazipenda kwa sababu hiyo.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Lenzi

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu: ukitua Brooks unaanza wapi? Nasikia kuna darasa.

Mtembea Pwani

Ndiyo, kuna darasa na ni lazima kwa kila anayefika, hata kama ulikuja mwaka jana. Ukishuka kwenye ndege, askari wa hifadhi anawapokea na kuwapeleka kwenye kikao kifupi. Mnaelezwa mambo matatu makubwa: umbali (angalau mita 45 kati yako na dubu yeyote mnapokuwa nje ya majukwaa ya kutazamia), chakula (hakuna kula njiani, na chakula chote kinahifadhiwa kwenye jengo maalumu), na jinsi ya kutembea (mkiwa pamoja, mkiongea ili dubu asishtukizwe). Ukimaliza unapewa kibeji kidogo ili askari wajue umepita pale.

Kisha mnatembea kama nusu saa msituni hadi maporomokoni. Njiani kuna daraja refu lililoinuliwa juu ya mto, lilijengwa 2019. Kabla ya hapo dubu akilala karibu na daraja la zamani watu wote walisimama, wakati mwingine zaidi ya saa, hadi yeye aamke. Bado utasimamishwa mara kwa mara. Mgeni aliyelipa pesa nyingi na ana saa chache hukereka, lakini kwa maoni yangu hapo ndipo unapoona hifadhi inayofanya kazi yake. Dubu ana haki ya kulala njiani.

Jukwaa la maporomoko linachukua watu 40 tu. Julai unaandikisha jina na kungoja zamu kwenye jukwaa jingine chini kidogo. Usikae unatazama saa. Chini pale kuna majike na watoto ambao hawathubutu kupanda kwenye maporomoko yenye madume.

Mama Wawili

Samahani kaka, mimi ninachoogopa ni huyo jike mwenye watoto. Nimekua nikisikia ndiye hatari kuliko wote. Sasa mnakwenda kukaa karibu naye?

Mtembea Pwani

Dada yangu, hofu yako ina msingi. Jike akishtukizwa kwenye kichaka na watoto wake wapo, atawatetea. Ndiyo maana tunapiga soga tukitembea na hatupiti vichakani kimya.

Lakini kwenye maeneo haya yenye utaratibu kuna jambo linalowashangaza wengi. Adui mkubwa wa mtoto wa dubu ni dubu dume. Madume makubwa wengi hawapendi kukaa karibu na watu. Majike wengine wameligundua hilo, na huja kulala na watoto wao upande wa watu, kwa sababu huko dume hatakuja kirahisi. Ukimwona jike ananyonyesha mbele yenu bila kuinua kichwa, ujue amepima na ameona ninyi ni nafuu. Uaminifu huo mkiuvunja kwa kumsogelea ili mpate picha, mmemnyang'anya sehemu yake salama.

Mvuvi wa Zamani

Niongezee hapo kwa mleta uzi. Watu wajiandae pia kuona ukatili. Julai 2024 pale Brooks watoto wa jike anayejulikana kama 128 Grazer (dubu wa pale hupewa namba, na wengine majina) walibebwa na maji wakaanguka maporomokoni, na dume 32 Chunk akamshambulia mmoja. Kitoto kile kilikufa. Kamera za moja kwa moja zilikuwa zinarusha. Baadaye mwaka huohuo Grazer alimshinda Chunk huyohuyo kwenye kura ya wiki ya dubu wanene. Na kabla kura haijaanza, jike 402 aliuawa mtoni na dume 469, nalo lilionekana hewani. Askari hawaingilii. Ukienda na watoto wako, ongea nao mapema kwamba hili linaweza kutokea.

Shangazi Pori

Hiyo kura ndiyo ipi tena wakuu?

Mvuvi wa Zamani

Ilianzishwa Katmai mwaka 2014, mwanzoni ikiwa ya siku moja tu, kisha ikawa wiki nzima. Watu wanapiga kura mtandaoni wakilinganisha picha za dubu wa mtoni, za mwanzo wa kiangazi na za mwisho wake. Dubu mzee 480 Otis alishinda mara nne, ya mwisho 2021, ingawa meno yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa anakaa sehemu moja tu na kungoja samaki waje, wakati vijana wanakimbizana huku na huko.

Kijana wa Lenzi

Kwa hiyo unene ndio afya?

Mtembea Pwani

Kwa dubu, kabisa. Atakaa shimoni karibu nusu mwaka bila kula, na huweza kupoteza hadi theluthi ya uzito wake. Kwa jike ni zaidi ya hapo. Anapandwa mwanzoni mwa kiangazi, lakini yai lililorutubishwa halijishikizi kwenye mfuko wa uzazi hadi karibu na majira ya baridi. Akiwa hana mafuta ya kutosha, mimba haiendelei. Akiwa nayo, anazaa shimoni katikati ya baridi, vitoto vya kama nusu kilo, na anavinyonyesha kwa mafuta aliyoyaweka kutoka kwa samaki wa Julai na Septemba.

Kwa hiyo unapomwona jike amesimama majini, kila samaki anayemkosa kwa sababu umesogea, umepiga kelele au umesimama kwenye njia yake ya kuingia mtoni, ni hasara kwake. Hili ndilo ninalotamani kila kiongozi wa safari awaambie wageni kabla ya kuwaambia habari za makucha.

Na ukikaa ukatazama utagundua kila dubu ana ufundi wake. Mmoja anasimama juu ya ukingo wa maporomoko, shingo mbele, anangoja. Mwingine anakaa kwenye povu chini, anapapasa kwa miguu na kukandamiza samaki. Mwingine anazamisha uso na kuogelea akichungulia. Wapo wanaoishi kwa kupora. Samaki wakiwa wengi sana, dubu aliyeshiba anakula ngozi, ubongo na mayai tu, sehemu zenye mafuta, na kuuacha mnofu. Shakwe na dubu wadogo wanasubiri hapo chini. Mabaki mengine yanaingia msituni na kurutubisha miti.

Mdadisi

Naomba kupingana kidogo. Mimi nilikwenda Finland, mpakani na Urusi. Kule mnaingia kwenye kibanda cha mbao jioni, mnafungiwa, na dubu wanakuja kula chakula kilichowekwa mbele. Hakuna anayetembea kati ya dubu, hakuna anayewasumbua. Kwa nini hiyo isiwe bora kuliko watu 40 kwenye jukwaa?

Mtembea Pwani

Hoja nzuri, na umeiweka vizuri. Faida ya kibanda naikubali: watu hawaonekani, hawatembei, na msitu wa Finland ni mnene kiasi kwamba bila kibanda ungeondoka bila kuona dubu. Kule pia safari nyingi ni za usiku kucha, si za mchana.

Lakini chakula kikiwekwa na mtu, unachokiona ni mkusanyiko uliotengenezwa na mtu. Dubu wanakuja saa ile na mahali pale kwa sababu ya mtu. Mtoni Brooks wanakutana kwa sababu ya samaki, kama walivyokutana kabla ya jukwaa lolote kujengwa. Nami naona kuna tofauti kubwa kati ya kumvizia mnyama kwenye shughuli zake na kumpangia shughuli. Ukiamua kwenda kwenye vibanda, uliza angalau wanaweka nini, kiasi gani, na umbali gani kutoka kwenye makazi ya watu.

Mdadisi

Nimekuelewa mkuu, ingawa bado naona kibanda kina heshima yake. Tulikaa saa nyingi bila neno na sijawahi kuona watu wametulia vile.

Shangazi Pori

Na British Columbia, kule Kanada, je? Rafiki yangu alikwenda na kuongozwa na wenyeji wa pale.

Mtembea Pwani

Huko ni pazuri sana. Kwenye msitu mkubwa wa mvua wa pwani, jamii za asili kama Kitasoo Xai'xais wa Klemtu na Gitga'at wa Hartley Bay ndio waongozaji, na kule kuna dubu weusi wanaozaliwa na manyoya meupe kwa sababu ya jeni inayorithiwa kwa baba na mama. Jamii za pwani zilisimama kidete dhidi ya uwindaji wa dubu wa kahawia kwa ajili ya kutundika vichwa ukutani, na mwisho wa 2017 serikali ya jimbo ikaupiga marufuku. Kama una nafasi ya kuchagua nani akuongoze, mtu ambaye ukoo wake umeishi na dubu hao kizazi baada ya kizazi atakuonyesha vitu ambavyo havimo kwenye kipeperushi chochote.

Baharia Mstaafu

Mleta uzi, zungumzia usafiri. Wengi wanadhani ni gari.

Mtembea Pwani

Asante mzee wangu. Sehemu nyingi hizi hazina barabara kabisa. Katmai, Lake Clark, Admiralty, zote unafika kwa ndege ndogo au boti. Kutoka Anchorage au Homer unavuka ghuba ya Cook kwa ndege yenye magurudumu inayotua ufukweni mchangani, au yenye maboya inayotua ziwani. Kwenda Brooks wengi hupitia mji mdogo wa King Salmon, kisha kama dakika 20 kwa ndege ya maboya.

Maji ya ghuba ya Cook yanajaa na kupwa kwa tofauti kubwa sana, wewe mzee unajua bamvua linavyofanya. Rubani anayetua ufukweni anaangalia maji kwanza, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika siku hadi siku. Abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo, na hakuna wa kuona aibu, ni hesabu ya ndege. Bei ya siku moja kwa ndege inazunguka dola 1,000 za Marekani kwa mtu, mara nyingi zaidi. Kiingilio cha hifadhi ya Katmai hakuna. Unacholipia ni ndege na kiongozi.

Dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, hata kwenye mizigo. Kwenye ndege ndogo mwambie rubani kabla ya kupanda, kwa kawaida huwekwa nje kwenye maboya. Ikilipuka ndani ya chumba cha rubani, wote mmekwisha.

Mama Wawili

Na dubu akituelekea? Tunafanyaje?

Mtembea Pwani

Hamkimbii. Dubu anafika kilomita 50 na zaidi kwa saa, na kukimbia kunamwita. Mnakusanyika mkawa kitu kimoja, mnaongea kwa sauti ya kawaida, na mnafanya anachosema kiongozi. Mara nyingi dubu anataka tu kupita, nanyi mko kwenye njia yake. Kiongozi mzuri huwa ameshaona hilo mapema na kuwasogeza kabla dubu hajalazimika kuamua. Ukimwona kiongozi ambaye kila mara anawasogeza dakika ya mwisho, huyo hasomi dubu wake.

Kuna anayependa kunitajia Timothy Treadwell kama mfano kwamba ukiwapenda dubu watakupenda. Aliishi miongoni mwa dubu wa pwani ya Katmai majira mengi ya kiangazi, na Oktoba 2003 aliuawa na dubu pamoja na mwenzake Amie Huguenard. Dubu wawili nao wakapigwa risasi na waliokuja kuwatafuta. Upendo wake siutilii shaka. Lakini mpaka anaouhitaji dubu hauondolewi na upendo.

Kijana wa Lenzi

Vifaa vya picha mkuu?

Mtembea Pwani

Lenzi ya kufika milimita 400 inatosha karibu kote. Beba begi lisilopitisha maji, viatu vya mpira virefu (pwani wengi wanakupa suruali za mpira za kuvukia vijito), nguo za tabaka, koti la mvua. Pwani hakuna choo. Na tenga muda wa kuweka kamera chini. Darubini inakuonyesha jinsi masikio yanavyogeuka na mate yanavyomtoka dubu mwenye wasiwasi, na hizo ndizo dalili za kujifunza.

Mdadisi

Kwa hiyo nikiwa natafuta kampuni, niwaulize nini hasa?

Mtembea Pwani

Uliza watu wangapi kwa kiongozi mmoja. Uliza kiongozi huyo amefanya kazi eneo hilohilo kwa misimu mingapi, maana kuwajua dubu wa mto fulani mmoja mmoja si sawa na kujua dubu kwa jumla. Uliza rubani ndiye kiongozi pia, na kama ndiye, hali ya hewa ikibadilika nani anabaki na wageni. Uliza chakula cha mchana kinaliwa wapi. Hili la chakula linanionyesha mengi: anayejibu haraka na kwa undani ameshalifikiria, anayesema "popote tu, hakuna shida" namuaga. Na uliza, dubu akilala mita 30 kutoka tulipo, mtafanya nini? Jibu ninalolitaka ni kwamba tunabaki tulivu, au tunaondoka taratibu, kulingana naye. Sitaki kusikia kwamba tutasogea tupate picha.

Shangazi Pori

McNeil River kwa siku moja inawezekana?

Mtembea Pwani

Si kwa kawaida, shangazi. Vibali vyake ni vya siku nne, mnalala kwenye mahema karibu na bahari na kutembea kila siku hadi maporomokoni. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Machi. Ukipata, usiache. Ukikosa, Chinitna Bay mwezi Juni na Pack Creek mwezi Julai ni za siku moja na hutajuta.

Mama Wawili

La mwisho kaka. Nina mtoto wa miaka saba.

Mtembea Pwani

Kampuni nyingi zina umri wao wa chini, uliza kabla ya kulipa. Zaidi ya hapo jipime mwenyewe: anaweza kukaa na kundi bila kuchomoka mbio? Anaweza kungoja chakula hadi mahali panaporuhusiwa? Kama ndiyo, Brooks yenye majukwaa na uzio ni nafuu kuliko ufukwe wazi.

Na usiweke safari hii siku ya mwisho kabla ya ndege kubwa ya kurudi nyumbani. Ukungu na upepo kwenye ghuba huahirisha safari mara nyingi, na rubani mzuri hatakubali kushawishiwa. Iweke mwanzoni mwa likizo, uache siku mbili au tatu nyuma yake za kusogeza.